Asubuhi geji yasema kweli, jioni yadanganya: jibu kwa mfinyanzi wa Bombo

Swali: "Mwalimu, salaam aleikum. Sisi ni kikundi cha akina mama na vijana hapa Bombo, Uganda. Tunafinyanga vile vikombe vya udongo vinavyokaa ndani ya sigiri, na tunavichoma kwa kuni kwenye tanuri la matofali. Tulinunua kipima joto cha nyaya mbili, aina ya K, pamoja na geji yake. Mwanzoni geji ilikuwa ukutani karibu na tanuri na kazi ilikwenda vizuri: ikifika nyuzi 900 tunaacha kuchochea. Mvua zilipoanza, fundi wa umeme akaihamishia stoo, mita 12 kutoka tanurini, akaunganisha kwa waya wa shaba, ule wa taa. Tangu hapo vikombe vinatoka vimesinyaa na kupinda, vingine vina malengelenge, na geji haijawahi kupita 900. Ajabu ni kwamba asubuhi kabla ya kuwasha moto geji inasoma sawa kabisa. Kuna mtu anatuambia hii ya K imekufa, tununue ya platini. Tufanye nini?"

Wa aleikum salaam, dada yangu, na salaam kwa wenzako wote. Fedha za kununulia platini ziwekeni kwanza. Nimeisoma barua yako mara mbili, na umenipa karibu kila kitu ninachohitaji, hasa hayo maneno ya mwisho kuhusu asubuhi. Kifaa kilichokufa hakiwezi kusema kweli asubuhi kikadanganya jioni. Shida yenu kubwa ni hizo mita 12 za waya wa taa. Ipo na ya pili ninayoishuku, inayoletwa na moshi, nitaifikia.

Kifaa mnachotumia jina lake ni themokapo. Watu wengi, mafundi wakiwemo, huamini kwamba umeme wake unazaliwa kwenye ncha, pale nyaya mbili zilipochomelewa pamoja, kisha unasafiri hadi kwenye geji kama maji ndani ya bomba. Ukiamini hivyo, ni haki kuona kwamba waya wowote unaopitisha umeme utafaa. Ndiyo maana simlaumu fundi wenu. Kwa taa, kwa swichi, kwa pampu, alichofanya ni sahihi. Ila themokapo haifanyi kazi namna hiyo, na nikikueleza inavyofanya, yote yanayowasumbua utayaona mwenyewe.

Chukua waya mmoja wa metali yoyote, ncha moja iwe motoni na nyingine kivulini. Elektroni, yaani chembe ndogo zinazobeba umeme, zilizo upande wa moto hazitulii kama zilizo upande wa baridi, kwa hiyo zinajipanga upya, na kati ya ncha hizo mbili kunatokea msukumo mdogo wa umeme. Msukumo huo unazaliwa njiani, kila mahali ambapo joto linabadilika ukiufuata waya. Kila sentimita ambayo upande wake mmoja umepata moto kuliko wa pili inatoa fungu lake. Sehemu ya waya iliyolala ndani ya joto lililo sawa kote haitoi kitu, hata kama joto lenyewe ni nyuzi 900. Kila metali ina kiwango chake cha msukumo, na nyingine husukuma kuelekea upande wa kinyume.

Sasa ukitaka kuupima msukumo wa waya mmoja, lazima ufunge waya wa pili wa kurudi. Ukirudi kwa metali ile ile, waya wa pili unasukuma sawa na wa kwanza na vyote viwili vinafutana: unapata sifuri. Ndiyo sababu kifaa chenu kina nyaya mbili za metali tofauti. Katika aina ya K, waya chanya ni kromeli, yaani nikeli asilimia 90 na kromu asilimia 10. Waya hasi ni alumeli, ambayo ni nikeli kama asilimia 95 iliyochanganywa na alumini, manganizi na silikoni kidogo. Tofauti ya msukumo kati ya hizo mbili ni takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi (mikrovolti elfu moja ni milivolti moja). Ncha moja ikiwa kwenye nyuzi 1,000 na nyingine kwenye sifuri, unapata milivolti 41.276. Betri ndogo ya tochi ni milivolti 1,500, kwa hiyo uone ni umeme mdogo kiasi gani ambao geji yenu inausoma.

Fikiri kuhusu tanuri lenu. Ncha imeingia ndani, kichwa cha themokapo (kile kibuyu chenye skurubu mbili) kiko nje. Karibu kazi yote inafanywa na kile kipande cha nyaya kinachopita ndani ya unene wa ukuta, kwa sababu hapo ndipo joto linaposhuka kutoka nyuzi mamia kwa mamia hadi joto la kikombe cha chai. Mtu akiniuliza themokapo inapima wapi, namwonyesha ukuta.

Kwa hiyo themokapo haijui joto la tanuri. Inachojua ni tofauti ya joto kati ya ncha iliyo ndani na mahali zile metali mbili zinapoishia. Zamani kwenye maabara ule upande wa kuishia uliwekwa ndani ya chupa ya barafu iliyosagwa na maji, ili ujulikane kuwa ni sifuri. Geji za leo zimeondoa barafu: ndani yake, karibu na skurubu za kufungia waya, kuna kipimo kidogo cha joto. Geji inapima joto la skurubu zake yenyewe, halafu inaliongeza juu ya tofauti iliyoletwa na nyaya. Hesabu hiyo ni sahihi kwa sharti moja tu, kwamba kromeli na alumeli zimefika hadi kwenye skurubu hizo bila kukatwa.

Kwenu zimekatwa. Zinaishia kwenye kichwa cha themokapo, na kutoka hapo hadi stoo pande zote mbili ni shaba. Shaba na shaba zinafutana, kwa hiyo joto lolote linaloshuka kati ya kichwa na stoo halihesabiwi. Tuseme jioni, moto ukiwa umekolea, kichwa kimefika nyuzi 90 na stoo ni nyuzi 27. Nyaya zinaleta tofauti ya kati ya ncha na kichwa, geji inaongeza 27 za stoo, na zile 63 za katikati zimepotea njiani. Geji ikiwaonyesha 900, ndani ya tanuri ni 960 na zaidi kidogo. Nanyi mnaendelea kuchochea kwa sababu mnaiamini. Vikombe vinasinyaa, vinapinda, na ule udongo ulioanza kuyeyuka ndani huku hewa yake haijatoka ndio unaotoa malengelenge.

Asubuhi kichwa na stoo vina joto moja. Tofauti ya katikati ni sifuri, kwa hiyo hakuna kinachopotea, na geji inasema kweli. Hata saa mbili za kwanza za moto mdogo kosa bado ni dogo, kwa kuwa kichwa hakijapata moto. Linakua pole pole kadiri ukuta unavyoshika joto, na linafika kileleni hasa pale mnapohitaji ukweli. Kabla ya kuhamishwa hamkuwa na kosa hilo kwa sababu geji ilikuwa jirani na kichwa na nyaya zake zenyewe za K ziliifikia.

Waya wa shaba wenyewe si sumu. Ukiweka kiungio cha shaba katikati ya waya wa K, na pande mbili za kiungio zikawa na joto moja, hakuna kinachoharibika. Madhara yanakuja pale tu shaba inapolala kati ya mahali pa moto na mahali pa baridi.

Aliyeligundua jambo hili la metali mbili na joto ni Thomas Johann Seebeck, mzaliwa wa mji ambao leo unaitwa Tallinn, alipokuwa Berlin mwaka 1821. Aliunganisha metali mbili tofauti kuwa duara, akapasha moto kiungo kimoja, akaona sindano ya dira inacheza. Akashawishika kwamba joto limezaa sumaku moja kwa moja. Ni Hans Christian Ørsted wa Denmark aliyesisitiza kwamba katikati yake kuna umeme. Nalitaja hili kwa sababu hata Seebeck alikazia macho sindano, si waya, na ndivyo tunavyofanya sote tukiwa mbele ya geji.

Msichukue maneno yangu kwa imani tu, yapimeni. Siku tanuri limepoa kabisa, geji ikiwa imewashwa, tia maji ya moto kwenye mfuko wa plastiki usiovuja, uufunge kwa kitambaa kuzunguka kile kichwa cha nje. Ncha ya ndani usiiguse. Kama nyaya zote ni za K hadi kwenye geji, namba haitabadilika, au itatikisika kidogo tu, kwa sababu wala ncha wala geji haikupata joto. Kwenu nategemea namba itashuka. Kichwa kikifika nyuzi 60, geji itaanguka kutoka 27 hadi chini ya sifuri, ndani ya tanuri lililo kimya, Bombo, wakati wa jua. Mwiteni fundi aone kwa macho yake. Ni somo zuri na halina gharama.

Jaribio la pili ni la geji yenyewe. Fungueni nyaya zote kwenye geji, chukueni kipande kifupi cha waya wa shaba, muunganishe zile skurubu mbili. Geji njema itaonyesha joto la stoo. Ikionyesha kitu kingine kabisa, basi geji nayo ina neno, au imepangwa kwa aina nyingine badala ya K.

Dawa zipo tatu, nami nazipanga kwa jinsi ninavyozipenda. Ya kwanza ni kuirudisha geji pale ilipokuwa, mkaijengea kibanda kidogo cha mabati dhidi ya mvua, mbali na mlango wa moto, yenye hewa ya kupita. Geji nyingi haziruhusiwi kukaa mahali panapozidi nyuzi 50, na mabati yenyewe huwaka juani, kwa hiyo wekeni ubao au turubai kati ya bati na geji. Ya pili ni kununua waya maalumu wa kurefushia wa aina ya K. Huu umetengenezwa kwa metali zinazofanana na za themokapo yenyewe. Bei yake kwa mita ni juu ya waya wa taa, lakini haikaribii platini hata kidogo. Maduka ya vifaa vya viwandani Kampala huuagiza. Mwambie muuzaji maneno haya: waya wa kurefushia, aina ya K. Akikuambia "waya ni waya", toka nenda duka la pili.

Ya tatu ni ya leo, ya kutumia mkiwa bado mnachanga. Pimeni joto la kichwa na joto la stoo kila nusu saa. Chukueni namba ya geji, ongezeni joto la kichwa, toeni joto la stoo. Jibu litakuwa karibu sana na ukweli. Multimita (vile vipima umeme vya mkononi) nyingi za bei nafuu zinakuja na kiwaya chembamba cha kupimia joto, ambacho nacho ni themokapo ya K. Shindilieni ncha yake kwenye kichwa. Kwa namna hii mnaweza kuchoma wiki hii hii bila kununua kitu.

Mkinunua waya wa kurefushia, angalieni rangi, na hapa naomba uniwie radhi nikae kidogo kwa sababu nimeumia hapa. Kwa utaratibu wa kimataifa unaotumika sasa, waya wa K una ganda la kijani, chanya ni kijani na hasi ni nyeupe. Wa Kimarekani una ganda la njano, chanya njano, hasi nyekundu. Ndiyo, nyekundu ni hasi. Wa Kijerumani wa zamani, nyekundu ni chanya na kijani ni hasi. Wa Kiingereza wa zamani ni kahawia na buluu. Fundi aliyezoea betri ya gari akiona nyekundu, mkono wake unakwenda kwenye chanya bila kuuliza.

Miaka mingi nyuma nilifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha chai magharibi mwa nchi. Themokapo ilipima moshi unaotoka kwenye boila ya kuni. Waya mpya ulipofungwa, mtu aligeuza nyaya upande wa geji. Boila ikiwaka, namba inashuka. Kosa la namna hiyo linaonekana mara moja, kwa hiyo akaja mwingine akageuza nyaya upande wa kichwa, namba ikaanza kupanda, kila mtu akaridhika, nami nikiwemo. Hatukujua kwamba tumegeuza mara mbili, na mita 20 za waya katikati zilikuwa zikifanya kazi kinyume. Waya uliogeuzwa hivyo unapoteza mara mbili ya kile ambacho shaba ingepoteza. Kichwa kilikuwa kwenye nyuzi 50, chumba cha geji 28, kwa hiyo geji ilisoma pungufu kwa nyuzi 44. Tulikuwa tukiandika kwenye daftari moshi wa nyuzi 190 na kujisifu kwamba boila haipotezi joto, huku malori ya kuni yakizidi kuingia mwezi hadi mwezi. Miezi minne. Kuni ni miti, dada yangu, nami hadi leo nikipita barabara ile huziangalia zile pande za mlima.

Tangu hapo siamini rangi peke yake, natembea na sumaku mfukoni. Alumeli inashikwa na sumaku, kidogo lakini unaihisi. Kromeli njema haishikwi. Mwenye kushikwa ndiye hasi. Ni kipimo kinachofanya kazi hata pale ganda limeungua na rangi haionekani tena.

Sumaku hiyo hiyo itatuambia kuhusu shida ya pili ninayoishuku. Tanuri la kuni likichochewa sana hujaa moshi, na moshi maana yake oksijeni haitoshi. Katika hali hiyo, kati ya nyuzi 800 na 1,050 hivi, kromeli hupata maradhi: ile kromu iliyomo hula oksijeni kidogo iliyopo huku nikeli ikibaki, na waya hugeuka rangi ya kijani na kuanza kumeguka kama biskuti. Mafundi huiita kutu ya kijani. Kromeli iliyopoteza kromu yake haisukumi tena kama mwanzo, na kipande kilichougua kikiwa hapo kwenye ukuta panapofanyika kazi yote, geji husoma pungufu. Unaona ubaya wake: kosa hili linaelekea upande ule ule wa kosa la waya wa taa. Yote mawili yanawaambia ongeza kuni.

Siku tanuri limepoa, ichomoeni themokapo, mfungue ala yake ya chuma kama inafunguka, muangalie. Waya wa kromeli ukiwa na ukijani na ukashikwa na sumaku, maradhi yapo. Hapo nunueni themokapo mpya ya K, au kama mnaweza kuongeza kidogo, ya aina ya N. Hii iliendelezwa Australia kwenye miaka ya 1970 hasa kwa ajili ya kukwepa matatizo ya K: ndani yake silikoni ni nyingi zaidi na hujenga ngozi inayoukinga waya. Lakini N inataka waya wa kurefushia wa N, na geji inayokubali kupangwa kwa N. Ukiiunganisha kwenye geji ya K itasoma uongo.

Kuhusu platini sasa. Themokapo ya platini na rodiamu ni chombo cha heshima. Mfaransa Henry Le Chatelier ndiye aliyeisimamisha kuwa kipimo cha kuaminika kwenye miaka ya 1880, na hadi leo viwanda vya kioo na vya chuma vinaitegemea. Inavumilia joto ambalo K haiwezi. Ila ninyi hamfiki huko. Msukumo wake ni mdogo, takriban robo ya ule wa K, na moshi wa kuni pamoja na mvuke wa metali huiharibu upesi kama haikuvikwa ala ya kauri isiyopitisha hewa. Na mngeifunga kwa waya ule ule wa taa, ingewadanganya vile vile jioni. Sioni sababu hata moja ya ninyi kuibeba gharama hiyo.

Neno moja kuhusu kina. Themokapo ikishatumika miezi kadhaa mahali pamoja, kile kipande kilichozoea ukuta kimebadilika kidogo kuliko kipande kilicho ndani au nje. Ukiivuta nje kwa sentimita kumi, au ukaisukuma ndani zaidi, kipande kingine kinaingia kwenye kazi, na namba inabadilika ingawa tanuri ni lile lile. Kwa hiyo pigeni alama kwenye ala kwa patasi, na kila mkiirudisha irudi kwenye alama ile. Kwa sababu hiyo hiyo sipendi kuona themokapo iliyozeeka ikipelekwa maabara kupimwa: kule itawekwa kwa kina kingine, na cheti kitaeleza hali ambayo haipo tanurini kwenu. Mkitaka kuijua ya zamani, tieni mpya pembeni yake, ndani ya tanuri lile lile, mzilinganishe zikiwa kazini. Ile mpya ndiyo mnaweza kuipeleka kwa UNBS, shirika la viwango la Uganda, kwenye maabara yao ya vipimo kule Bweyogerere, pamoja na geji yake na waya wake kama seti moja, hasa mkipata mteja anayedai cheti. Ncha iingie ndani ya tanuri angalau mara kumi ya unene wa ala: ala ya milimita 16 iingie sentimita 16 kupita uso wa ndani wa ukuta, la sivyo ala inavuta joto kwenda nje na ncha inabaki baridi kuliko vikombe.

Hata ikiwa mpya, msitarajie ukweli wa nyuzi moja. Themokapo ya K ya daraja la pili inaruhusiwa kukosea kwa asilimia 0.75, na kwenye nyuzi 900 hiyo ni karibu nyuzi 7 juu au chini. Kwa vikombe vya sigiri inatosha kabisa.

Njia za kuhakiki nyumbani zipo. Maji yanayochemka ni moja, ila msiandike 100. Kampala na Bombo ziko mita takriban 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji huchemka karibu na nyuzi 96. Kule Kabale, kwenye mita 2,000 hivi, ni karibu 93. Nimeona watu wakirekebisha geji njema ili isome 100, na hivyo kuiharibu. Tena maji yanakagua mwanzo wa kipimo tu, hayasemi kitu kuhusu 900.

Alumini safi huyeyuka na kuganda kwenye nyuzi 660.3. Wengine huyeyusha kipande kwenye kikombe cha kauri, wakaweka themokapo ndani na kuangalia namba inaposimama wakati alumini inaganda. Njia ni nzuri, lakini alumini itoke kwenye waya wa umeme ulionunuliwa dukani. Sufuria zinazomiminwa Katwe, pale Kampala, zimechanganywa na vyuma vya injini vyenye silikoni, hizo huanza kuyeyuka mapema zaidi. Alumini iliyoyeyuka pia hula ala ya chuma, na tone moja la maji likiingia ndani yake huruka usoni. Kama hamjawahi kuyeyusha metali, liacheni jaribio hili.

Kwenu ningependelea koni za kauri. Ni vijiti vidogo vilivyochanganywa kwa vipimo maalumu ili viiname vikishapata joto la kutosha. Hermann Seger alizitengeneza Ujerumani mwaka 1886, na Edward Orton akaanza za Kimarekani mwaka 1896. Wafinyanzi bado wanazitumia pamoja na geji zao zote. Koni ya Orton namba 010 huinama karibu na nyuzi 900. Ile sifuri ya mbele msiipuuze: namba 10 bila sifuri ni ya karibu na nyuzi 1,300, na mtu akiwauzia hiyo mtachochea hadi tanuri lianguke. Uzuri wa koni ni kwamba inahisi joto pamoja na muda, kama udongo wenyewe unavyohisi. Kikombe kilichokaa saa tatu kwenye 880 kinaweza kuiva sawa na kilichogusa 900 na kuachwa. Walimu wa kauri pale Makerere na Kyambogo wanazijua, na taasisi ya utafiti wa viwanda pale Nakawa pia. Waulizeni wanazipata wapi.

Wekeni koni tatu: moja chini, moja karibu na ncha ya themokapo, moja juu, mahali panapoonekana kupitia tundu la kuchungulia. Vaa miwani ya giza unapochungulia, na usilete uso karibu. Chomeni mara moja kwa ile hesabu ya kuongeza joto la kichwa na kutoa la stoo. Andikeni saa, namba ya geji, joto la kichwa, joto la stoo, na dakika koni ya katikati ilipoinama. Ikiinama wakati hesabu yenu iko karibu na 900, themokapo ni nzima na kilichobaki ni kurudisha geji au kununua waya. Ikiinama mapema, hesabu ikiwa bado 860 au 870, yaelekea kutu ya kijani imeshaingia na mnahitaji themokapo mpya. Siku hiyo pangeni tanurini vikombe vile mlivyokuwa na shaka navyo, si oda ya mteja.